Vinu vya Miembe ya Uani

Kariakoo niliyokulia haikuwa na shida ya magogo. Nyumba za Mchikichi, Sikukuu, Narung'ombe na mitaa ya jirani zilijengwa kwa ramani moja: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba sita, na nyuma ua wenye jiko, choo na mti. Aghalabu mwembe, penginepo mkungu, mfenesi au mwarobaini. Mjomba wangu, Mzaramo wa Kisarawe aliyeingia mjini na tezo lake, alikula kwa miti hiyo bila kukata hata mmoja. Alingoja. Tawi likiangukia bati, mzizi ukipasua shimo la choo, au warithi wakigombana mpaka nyumba ikauzwa, habari zilimfikia kabla ya jioni, naye akatoka na mkokoteni.

Alichonga vinu, vile vikubwa vya kumfika mtu magotini. Akipata gogo pana zaidi alichonga chano cha wali wa shughuli.

Mwembe si mti wa kujivunia. Mafundi samani wa Keko hawakuutaka. Wao macho yao yalikuwa kwenye mninga na mkongo. Mwembe hushika ukungu upesi na wadudu huubungua. Lakini ukiwa mbichi unalainika kwa tezo, hauachi uchungu kwenye chakula, na shina lake hunenepa vya kutosha, ndiyo maana mitumbwi mingi ya wavuvi wa pwani yetu imetoka humo. Mfenesi ndio uliomfurahisha hasa: manjano, mgumu, na mchwa huuepuka. Mwarobaini aliwachongea wauza dawa tu. "Bwana, kisamvu cha mwarobaini utakula peke yako," alimwambia jirani aliyemletea gogo la bure akitaka kinu.

Kazi yenyewe aliifanya chini ya paa la makuti, karibu na ukuta, mahali jua lisipofika. Gogo alilikata na kuanza kulichimba siku ileile. Alilisimamisha, akachora duara kwa kamba na kipande cha mkaa, akaacha ukingo wa vidole vinne, kisha akaanza katikati kwa patasi na nyundo, akizunguka na kushuka. Kina kikizidi mkono alichukua patasi ya mpini mrefu, akawa anafanya kazi amesimama, vibanzi vikimrukia kifuani. Kila mara aliingiza mkono na kupapasa. Kitako alikiacha kinene kuliko ukuta, kwa sababu ndipo mchi unapopiga, na ndipo kiini cha mti kinapobaki. Kinu kikianza kufa, hufia hapo, kwenye kile kiini.

Baada ya hapo kilikuwa bado si kinu. Alikifukia kwenye maranda, akatupia gunia juu, akakisahau kwa miezi. Watu waliona uvivu. Kumbe hapo ndipo penye ufundi wote. Maji ya mti hutoka haraka zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, na upande mmoja ukinywea ilhali mwingine bado umejaa, mti hupasuka. Maranda yalizuia pupa hiyo. Kikishakauka alikimalizia kwa tezo dogo, akatia makaa ndani yakaunguza kidogo, akakwangua, akapaka mafuta ya nazi. Mnunuzi alipewa na masharti: twanga kwanza mahindi makavu, wape kuku, rudia. Mchi ulikuwa wa mti mwingine, mgumu, mara nyingi masalio ya mkongo kutoka Keko.

Kinu kimoja kililisha nyumba nzima. Kilikuwa cha mama mwenye nyumba, na wapangaji wa vyumba vyote sita walikiomba: "Shikamoo mama, naomba kinu nitwange kisamvu." Jioni wanawake wawili watatu walisimama kukizunguka wakipokezana michi, na mtoto akipita karibu alifukuzwa kwa ukali.

Ukumbi mkubwa wa soko, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, ulifunguliwa mwaka 1975, na kwa muda mjomba aliuza vizuri kuliko zamani, maana wateja wa mikoani walishuka Kariakoo kwa mbegu na majembe na hawakuona ajabu kurudi na kinu. Mpunga na mahindi vilikuwa vimekwisha hamia kwenye mashine za kukoboa na kusaga. Yeye hakujali. Kisamvu, karanga na bizari havijaenda mashineni, alisema. Navyo vikaenda. Siku hizi sokoni unapimiwa kisamvu kilichokwisha sagwa, kimefungwa kwenye mfuko.

Wengi husema blenda ndiyo iliyoua kinu. Mimi naona ni ghorofa. Biashara ilipofunguliwa enzi za Mzee Mwinyi, kiwanja cha Kariakoo kikawa na thamani kuliko nyumba iliyo juu yake, na tangu miaka ya 1990 nyumba za vyumba sita zikaanza kushushwa moja baada ya nyingine. Ghorofa halina ua. Anayekaa orofa ya nne hawezi kutwanga bila aliye orofa ya tatu kuja kugonga mlango, na ana haki. Kwa hiyo mteja na gogo viliondoka pamoja. Mwanzoni, kwa miaka michache, mjomba alipata magogo mengi kuliko alivyoweza kuchonga, miembe ya miaka mingi ikilazwa mtaa hadi mtaa. Nilidhani ni neema. Halafu likaja katapila, likawa linang'oa mti na ukuta kwa mkupuo mmoja, vyote vinapakiwa kwenye lori la kifusi. Shina likiokolewa, wa kwanza kufika ni mchoma mkaa.

Vinu vilivyobaki vimekuwa vidogo. Vile vya kitunguu saumu na tangawizi, vinavyokaa juu ya kabati la jikoni, hukerezwa kwa mashine ya umeme: kipande cha mti kinazunguka, fundi anashikilia patasi tu. Si kazi ya kudharau. Ni nyororo na sawa pande zote kuliko chochote alichotoa mjomba. Ila akitoboa tundu, kilichokuwamo kinakuwa vumbi la kufagia, wakati vibanzi vya mjomba vilikwenda kwa mama ntilie kuivisha maharage.

Mwanangu alinionyesha kwenye simu mkerezaji wa Marekani. Huko mdudu wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa jimbo la Michigan mwaka 2002, ameua makumi ya mamilioni ya miti iitwayo ash, na mafundi wanayaokoa magogo yasiende kwenye kuni. Yule bwana alifunga nusu gogo kwenye mashine, akaingiza chuma kilichopinda, na moyo wa bakuli ukatoka mzima. Ukawa bakuli la pili, na ndani yake la tatu. Mjomba angemuuliza: mama ntilie anapikia nini? Nilichokipenda ni kitu kingine: kabla ya yote, alikuwa amezipaka nta ncha za gogo ili maji yatoke taratibu. Ni maranda na gunia yaleyale.

Sasa miti inayoshushwa ni ya Ilala, Buguruni, Temeke, ambako ua bado upo kwa kubahatisha. Wewe unayejenga, kama mwembe wa bibi lazima ukatwe, mpigie fundi kabla hujampigia mwenye lori. Kata shina refu kuliko unavyodhani linahitajika, zipake ncha rangi ya mafuta siku hiyohiyo hata kama ni masalio ya kopo la geti, lilaze kivulini juu ya matofali. Likiachwa juani wiki moja, limebaki la mkaa.