Injini ya Kadutu na Siri Yake

Mwenye kupanda kutoka ziwa Kivu kwenda Kadutu, mjini Bukavu, asikia nyundo za mafundi kabla ya kufika sokoni. Huko nalikuta Volkswagen ya mwaka 1962, urithi wa mjane mmoja. Injini yake ilikuwa imeishiwa nguvu, na mwana wa mjane alikuwa ameweka akiba anunue pistoni mpya.

Fundi mzee akapangusa mafuta chini ya dinamo, akasoma namba iliyopigwa katika chuma. «Mwanangu, namba hii yasema injini ilivyozaliwa, haisemi yaliyotiwa ndani yake baadaye.»

Kiwandani silinda zake zilitengenezwa kwa upana wa milimeta 77, na mwendo wa pistoni milimeta 64: jumla sentimeta za ujazo 1192. Fundi akafungua. Pistoni hazikuwa na alama ya kiwanda chochote. Akapima upana: 83! Basi injini ilikuwa imegeuzwa kuwa ya 1385.

Pistoni za 77 zingalikuwa fedha ya mjane iliyotupwa. Nasi tujifunze: fundi mwaminifu hakisii kwa mali ya maskini, hupima kwanza.