Sifuri na Tupu

Najua nimepotea, na niliahidi kumalizia habari za hifadhidata. Leo namalizia, ila itabidi tupitie kwenye matope kwanza.

Mwishoni mwa Machi nilikuwa Mida, ile hori ya mikoko karibu na Watamu. Wakati huo kaskazini ya dunia majira ya kuchipua yanaanza, na ndege waliokaa kwetu miezi mingi hujiandaa kurudi kwao kuzaa. Maji yakipwa wanatapakaa matopeni, wanakula kama wanaofukuzwa. Kuna mdogo mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo. Desemba ni wa kijivu, hata humtazami mara mbili. Ikikaribia Aprili kifua kinageuka chekundu kama tofali. Huyo anakwenda Siberia! Mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, safari yake ni fupi zaidi. Huchimba shimo mchangani kwenye pwani za Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha hutaga humo, kwa kawaida yai moja tu.

Mwenyeji wangu ni mzee anayeongoza wageni. Ana madaftari 3 aliyoandika hesabu za ndege kwa mkono, kila asubuhi aliyokwenda. Nikajitolea kuyaingiza kwenye tarakilishi. Siku mbili za kuchapa, kiprogramu kidogo, grafu ikatoka safi kabisa: kufikia tarehe 1 Aprili, ndege wote wamekwisha. Nikawatumia waongozaji wenzake kwa simu. Nilijiona bingwa.

Jioni mzee akaniita.

"Mwanangu, nani amekwambia Aprili hakuna ndege?"

"Daftari lako, mzee."

Akalifungua. Kurasa za Aprili zilikuwa na tarehe, bila hesabu. "Mvua ilikuwa kubwa, nami nilikuwa na homa. Sikwenda. Mimi sikwenda, wewe unasema ndege hawakuja?"

Tayari mwenzake mmoja alikuwa amewashauri wageni wake wasije mwezi huo. Hiyo ni pesa ya unga, jamani, si mchezo.

Kosa lilikuwa mstari mmoja wa msimbo: popote palipo wazi, weka 0. Nimeuandika mstari huo mara ngapi kazini, kwenye mauzo na mishahara? Sitaki hata kuhesabu. Sifuri maana yake mtu alikwenda, akatazama, hakuona. Tupu maana yake hakuna aliyetazama. Chuoni nilijibu swali hili kwenye mtihani na nikapata alama zote.

Nilirekebisha usiku huo huo, nikaomba radhi kwa kila mmoja. Mwenye wageni alipiga simu, lakini walikuwa wameshabadilisha tiketi.

Asubuhi ya tarehe 3 Aprili mzee alinigongea mlango gizani, akanipa daftari na kalamu. Manyunyu yalikuwa yakidondoka. Tulihesabu wala kaa 41, na wale wa kifua cha tofali walinishinda idadi. Mzee akaniambia niandike "wengi". Sasa natafuta namna ya kuweka "wengi" kwenye safu ya nambari. Mwenye wazo aniandikie.