Fungate ya Baharini: Raha na Karaha Zake

Maharusi wengi wananiuliza kuhusu fungate ya boti ya tanga, maana picha zake zinavutia. Mimi na mume wangu tulikwenda mwezi wa saba, kutoka mjini Unguja mpaka Wete, tukitua Tumbatu na Misali. Niwaambie yote, tamu na chungu.

Tuanze na tamu. Mwezi wa saba ni wa kusi. Upepo unatoka kusini na mkondo wa bahari unakwenda kaskazini, kwa hiyo ukielekea Pemba chombo kinasukumwa kwa nyuma. Injini ikizimwa husikii ila tanga na maji. Misali, Wapemba husimulia kuwa Nabii Khidhri aliomba msala hapo, ukakosekana, akakifanya kisiwa chenyewe ndio msala wake. Nasi kwetu Makka iko karibu kaskazini kabisa, hivyo wakati wa kwenda kibla kilikuwa omoni. Kuswali alfajiri pale, mume wangu mbele na mimi nyuma yake, sitasahau.

Sasa karaha. Choo kimoja kwa watu wote. Maji matamu ni ya tangi, udhu ni kwa kopo moja. Nahodha na baharia wake si maharimu, kwa hiyo ushungi haukutoka kichwani tangu asubuhi mpaka usiku, na dira linapepea kama tanga la pili.

Kurudi ndiko kulikonikomesha. Upepo ule ule sasa unakupiga usoni, chombo kinabisha huku na huku, na mkondo wa Pemba una kina kirefu na mawimbi yake si ya kuchezea. Nilitapika, nikaswali nimekaa. Nikamwambia mume wangu: nishushe Mkoani, nirudi kwa meli.

Dada zangu, tulikuwa na wiki sita tu za ndoa. Kabla ya nikahi tulikutana mara mbili, mbele ya wazee. Safari ile ilimla akiba ya mwaka mzima, na siku mbili zilizobaki zilikuwa zimeshalipwa. Alinyamaza kitambo, nikaogopa. Kisha akasuuza ile ndoo yangu, akamwendea nahodha: "Tushushe Mkoani, sote wawili." Fedha haikurudi, na mpaka leo hajanisimanga.

Ukitaka kwenda, uliza kwanza: chumba chenu kina mlango? Maboya ya kuvaa yapo? Mkikatisha, mnarudishiwa nini? Kaskazi na kusi zinapopishana, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, bahari hutulia zaidi. Vaa suruali chini ya baibui, ushungi wa pini. Hukumu za kukusuru muulize sheikh wako kabla ya kuondoka.

Boti nzuri utaikodi. Mume anayesikiliza muombe kwa Allah. Atujaalie sote, amin.