Luteni kwenye Meli ya Watalii

Wazo la kumpeleka afisa wa jeshi la majini akajifunze kazi kwenye meli ya watalii huwachekesha wengi. Wanaona bwawa la kuogelea, muziki na wazungu wakiota jua, kisha wanauliza luteni mwenye mizinga atapata nini pale. Mimi ninayefundisha vijana unahodha naona chombo kinachotia gati karibu kila asubuhi na kuondoka karibu kila jioni, leo Barcelona, kesho Marseille. Manowari hukaa miezi ikitengenezwa, na ikitoka hupitisha wiki nyingi bila kuliona gati. Dereva wa daladala huijua barabara kuliko dereva wa gari la mkubwa linaloshinda limefunikwa turubai.

Mwaka 2017 Marekani ililipa bei kubwa kwa uhaba huu wa mazoezi. Usiku wa tarehe 17 Juni, karibu na Japani, manowari USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena, ACX Crystal. Mabaharia 7 walikufa. Kwa sheria za bahari Fitzgerald ndiyo iliyopaswa kupisha, maana Crystal ilikuwa ikija kutoka mkono wake wa kulia. Afisa wa zamu hakumwamsha nahodha. Miezi miwili baadaye, alfajiri ya tarehe 21 Agosti, USS John S. McCain ilikuwa ikikaribia mlango bahari wa Singapore. Nahodha aliamuru kazi ya usukani na ya mwendo zigawanywe kati ya mabaharia wawili. Katika kubonyeza vioo vya kuongozea meli, usukani ukahamia meza nyingine bila wao kutambua, wakadhani umekufa. Rafadha moja ikapunguzwa kasi, ya pili ikaendelea vilevile, na meli ikakata kushoto mbele ya Alnic MC, meli ya mafuta. Walikufa 10, vyumbani mwao walikolala. Baadhi ya walioshika zamu walikuwa wameazimwa kutoka manowari nyingine yenye mitambo tofauti.

Siwaiti wazembe. Walikabidhiwa kazi kabla mikono yao haijaizoea. Mwaka 2003 jeshi lao lilifuta kozi ya darasani ya maofisa wapya, likawapa diski za kompyuta wakasomee melini kati ya zamu na zamu. Afisa wa meli za biashara, kwa mkataba wa kimataifa wa STCW, akipitia mafunzo yaliyoidhinishwa hapewi cheti cha kushika zamu mpaka atimize angalau miezi 12 baharini, 6 kati ya hiyo akifanya kazi ya zamu chini ya usimamizi.

Kinachonivuta zaidi kwenye meli za watalii ni mazungumzo ya darajani, pale meli inapoongozewa. Kampuni ya meli hizo ya Carnival, yenye chuo chake Almere, Uholanzi, hufundisha mpango ambamo afisa mmoja anaiongoza meli na kutamka anachokusudia kabla hajakitenda. Wa pili humhakiki, na ana wajibu wa kumpinga. Nahodha mwenyewe mara nyingi hashiki chochote, huwatazama wote. Wanaojua meli hizi wanajua pia gharama ya ukimya: tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia, meli ya kampuni iliyo chini ya Carnival hiyohiyo, ilipasuliwa na mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, watu 32 wakafa, na darajani walikuwapo maofisa ambao hawakumzuia nahodha wao.

Kwa luteni aliyelelewa kwa amri na saluti, kumsikia afisa mdogo akisema "Nahodha, tuko karibu mno," na nahodha akamshukuru, ni somo ambalo kambi haiwezi kumpa. Lakini ni lazima kwanza akubali kufundishwa na mtu asiye na nyota begani. Nadhani hapo ndipo ugumu ulipo, kwake na kwetu sote tuliowahi kupewa cheo.

Huku kwetu kikwazo ni kingine. Kadeti wanaosomea Mombasa na Dar es Salaam huhangaika kupata meli ya kuwapokea watimize miezi yao ya baharini. Meli za watalii huja Mombasa na Zanzibar, na vijana wetu huajiriwa humo kama wahudumu na wapishi. Nataka tuombe nafasi za darajani pia, za kadeti na za maofisa wa majeshi yetu ya majini. Maombi hayo yaandikwe na mamlaka zetu za bahari, maana barua ya kadeti peke yake mara nyingi haijibiwi.