Redio ya Mzee haijafa

Leo tuache siasa kidogo wadau, tuongelee muziki. Au tuseme chumba unamopigwa.

Mwaka jana mama alihamia nyumba mpya Tabata: marumaru chini, madirisha makubwa ya vioo, kuta tupu nyeupe. Akahama na redio ya marehemu baba, yaani amplifaya, deki ya kaseti na spika mbili za mbao ambazo Mzee alizitunza kuliko gari. Wiki ya pili akaniambia redio imekufa. Marijani Rajabu anaimba kama yuko bafuni, maneno hayashikiki, besi inavuma tu. Fundi wa mtaani akataka laki tatu abadilishe spika. Mama akaacha kabisa kusikiliza, na kwa anayemjua hilo si jambo dogo. Zile kaseti za dansi ndizo maongezi yake na Mzee yaliyobaki.

Nilipokwenda sikuwasha hata redio. Nilisimama katikati ya sebule nikapiga makofi mara moja, pa! Ikanirudia kwa mlio mkali wa kutetema. Ni kuta tupu zinazotazamana, zinarushiana sauti kama wacheza tenisi, na marumaru nayo hainywi chochote.

Kesi hii ni ya zamani. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo watu hawamwelewi mhadhiri. Kazi akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Usiku, mji umelala, anabeba matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine, anayapanga, anapuliza bomba la kinanda cha kanisani, kisha anapima sauti inachukua muda gani kufa. Ukumbi mtupu ulichukua zaidi ya sekunde 5! Kila matakia yalivyoongezeka, muda ukapungua. Wala hapakuwa na spika ya kulaumiwa.

Besi ni mkorofi zaidi, maana mawimbi yake ni marefu. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi, hezi 41 hivi, nusu ya wimbi lake ni mita 4 na kidogo, ambao ndio urefu wa sebule nyingi za kwetu. Basi chumba kinaikuza: inavimba ukutani, inafifia katikati. Sasa makochi yetu tunayaweka wapi? Mgongo ukutani. Na spika? Kwenye kona, ambako besi huongezeka tena.

Tulitandika zulia la zamani lililokuwa stoo, tukatundika mapazia mazito, kabati la vitabu vya Mzee likaenda kwenye ukuta mtupu, spika zikatoka kwenye kona. Hakuna laki tatu. (Wenzangu wa studio za uchochoroni, trei za mayai zinapunguza kidogo milio myembamba. Besi inapita kama haijaziona.)

Kochi kukaa mbali na ukuta mama hakutaka, eti panaonekana kama ofisi ya kata. Tukakubaliana kulisogeza hatua moja tu, kwa hiyo kuna nyimbo bado zinavuma. Ila juzi saa nne usiku kanipigia simu: kumbe kuna neno kwenye ubeti wa pili Mzee aliliimba vibaya miaka yote, na yeye amelisikia sasa hivi.