Umeme wa Amplifaya Yangu

Likizo iliyopita nilitengeneza amplifaya nyumbani kwetu Koboko. Kila ajaye huuliza ukubwa wa spika. Hakuna aulizaye inakula umeme gani, na hilo ndilo jambo lenyewe! Chipu yangu ni moja, TDA2003. Ikipata volti 12, kwa spika ya omu 4, haiwezi kupita wati 4 na nusu, hata sanduku liwe kubwa kama kabati. Chaja ya simu, yenye volti 5, haiitoshi.

Betri yetu ya sola ni ya ampea-saa 7. Amplifaya ikiimba kwa nguvu huvuta kama nusu ampea, yaani saa 14 kwa hesabu. Lakini betri ya risasi huharibika ikimalizwa, basi mimi hukoma kwenye saa ya 7. Tena taa ya wadogo zangu hutoka humo humo, nao wana mtihani wa darasa la saba. Mama akasema, "Ngoma au kitabu, mwanangu?"

Nikauza jogoo wangu, nikanunua betri kuukuu ya bodaboda, na fyuzi. Baada ya saa mbili sauti huanza kukwaruza. Kwa mazoezi ya kwaya yatosha. Vijana wa disko watafute yao.