Si Kila Maumivu ya Taya ni Jino

Wasee wa Busia na Malaba, leo tuongee kuhusu taya. Weka vidole mbele ya masikio, fungua mdomo, ufunge. Hapo unapohisi kitu kikisonga ndipo taya linaungana na fuvu. Kuna kiungo kila upande, na ndani yake kipande cha gegedu kinachozuia mifupa isisagane, kama bushi ya gari.

Langu hulia "tak". Lilianza mwaka nilioacha chuo kwa sababu ya karo. Usiku nilikuwa nauma meno usingizini, asubuhi naamka na panja zinauma. Kwenye kliniki moja niliambiwa gego la nyuma ling'olewe, na hakuna mtu alikuwa ameshika taya. Nikakataa. Daktari wa meno aliyenikagua vizuri baadaye alisema jino ni zima, misuli ndiyo imechoka.

Hiyo ndiyo inaniuma. Maumivu ya kiungo hiki hudanganya: unaweza kuyasikia kwa sikio, kichwa au jino. Kwa hivyo mtu ananunua dawa ya masikio kwa kemisti, ama anang'oa jino lisilo na makosa. Na jino la ukubwani likienda, halirudi.

Angalia dereva wa lori kwenye foleni ya Malaba. Shavu moja limejaa miraa, ile ng'ambo wanaita mairungi, na bigijii juu yake. Anatafuna masaa mengi. Akilalamika kichwa, tunamwambia ni usingizi. Sisi wengine ni miwa, njugu na stress. Sisemi kila anayetafuna ataumia, lakini taya likianza kuuma, hapo ni mahali pa kwanza pa kuangalia.

Sasa, usipanic. Mlio bila maumivu kwa kawaida hauhitaji matibabu. Na wengi wenye maumivu hupona bila upasuaji: wiki chache za chakula laini, kitambaa cha moto shavuni, kupumzisha bigijii na miraa, kupiga miayo pole pole. Mdomo ukiwa umetulia, midomo iguse lakini meno yaachane. Jaribu saa hii. Nadhani ulikuwa umeyabana.

Nenda kwa daktari wa meno kama maumivu hayaishi, kama unashindwa kutafuna, ama kama vidole vyako vitatu vimepangwa wima haviingii mdomoni. Ukiambiwa jino litoke, uliza: "Umeona nini kwa hili jino?" Kuuliza si madharau. Kama shida ni kuuma meno usiku, anaweza kukutengenezea kikinga meno cha kulalia.

Kuna zile za kukimbia hospitali siku hiyo hiyo. Mdomo umefunguka ukakataa kufunga. Usiruhusu mtu aurudishe kwa kofi. Umeanguka na boda na meno hayakutani tena. Shavu limevimba na una homa. Taya linakaza na juzi ulikuwa na kidonda. Hiyo inaweza kuwa pepopunda, na inaua. Maumivu ya taya pamoja na kifua kubana na jasho yanaweza kuwa moyo.

Mtumie hii mtu wako wa malori. Foleni ikiwa imesimama, atakuwa na muda wa kusoma.